Mafuta ya Dumu Jeusi

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe kumi na tatu Juni, saa kumi jioni. Wengine watakuambia ni Ijumaa, kwa kuwa Ijumaa ndiyo siku watoto walipotapika. Wasikilize, kisha waache waende zao. Kutapika kulikuwa mkia wa habari. Kichwa chake alikijua mtu mmoja tu, msichana wa miaka kumi na miwili, aliyekuwa amesimama uani kwao na kamba ya kurukia mkononi, akitazama mafuta mapya yakinywewa na ardhi.

Wenzake walimwita Chiriku, kwa ajili ya mdomo wake. Darasani alimaliza sentensi za mwalimu kabla ya mwalimu mwenyewe. Nyumbani alizungumza na kuku, na karai, hata na moshi. Siku hiyo chiriku akanyamaza, na hapo ndipo balaa ilipopata pa kuketi.

Kwao kazi ilikuwa moja, krispi za ndizi. Kila asubuhi kabla ya shule Chiriku alipaka mikono mafuta ili utomvu usimgande vidoleni, akamenya ndizi mbichi na kuzitumbukiza kwenye beseni la maji ya chumvi. Baba yake alishika ubao wenye wembe juu ya karai, akapitisha ndizi huku na huku, na vipande vyembamba kama karatasi vikaangukia moja kwa moja kwenye mafuta ya moto. Vyaaa! Uwanja mzima ukajaa kelele.

Kazi hiyo waliachiwa na mama yake Chiriku. Ndiye aliyemfundisha mwanawe kuchagua mkungu. "Uwe mbichi, lakini uwe umekomaa," alikuwa akisema. "Ndizi changa haina kitu ndani. Ndizi iliyoanza kuiva ina sukari nyingi, na sukari huungua kabla kipande hakijakauka." Ndiye aliyemfundisha kusikiliza karai. Mafuta hupiga kelele kwa sababu ya maji yaliyomo kwenye ndizi. Yakianza kunyamaza, maji yamekwisha, epua haraka. Tena alipenda kusimulia kwamba krispi si kitu cha juzi. Bibi yake, kabla hajajua karai la mafuta, alikata ndizi zikiwa bado mbichi, akazianika juani kwenye mkeka mpaka zikakauka kau, akazitia kapuni. Mvua zikichelewa, zilitwangwa zikawa unga wa uji. "Hiki unachokitafuna kwa mchezo," mama alisema, "wenzako kiliwavusha njaa. Kiheshimu."

Mama huyo hakuwapo tena. Aliugua, akapelekwa hospitali, akaambiwa aje kesho. Akaenda kesho, akaambiwa mwenye ufunguo wa chumba cha kipimo yuko kwenye kikao, aje kesho. Walimzungusha na kesho zao mpaka kesho zenyewe zikamwishia. Toka hapo baba yake Chiriku, mgane mwenye madarasa machache na hasira nyingi, akawa hana salamu ya maana kwa mtu yeyote mwenye meza na kiti cha kuzunguka. Barabara ikiwa na shimo, alijua nani kalichimba kwa uvivu wake. Mvua ikivuja sokoni, alijua nani kala mabati. "Wakubwa wakikosa huita kikao," alizoea kusema. "Sisi tukikosa tunaitwa kwenye kikao." Na mara nyingi, lazima tuseme kweli, hakuwa amekosea.

Ila hasira ni kama pilipili mkononi. Ukijisahau, unajipaka machoni mwenyewe. Alivyowafokea wakubwa ambao hawakumsikia, ndivyo alivyofoka nyumbani, ambako alisikika vizuri sana.

Uani kulikuwa na madumu mawili ya mafuta. La njano lilikuwa la mafuta mapya. Jeusi lilikuwa la mafuta yaliyochoka, yale yaliyokaanga mpaka yakawa meusi, yakaanza kutoa povu na moshi. Hayo hayakaangi tena. Yaliwekwa ukutani, juani, yakimsubiri fundi sabuni aje kuyachukua. Ukifungua kizibo chake, harufu yake ni kama rangi ya mlango iliyosahaulika ndani ya kopo.

Alhamisi hiyo kulikuwa na kazi kubwa. Shuleni kulikuwa na Wiki ya Lishe, na mwalimu wa sayansi alikuwa amewaagiza wapike krispi za darasa zima la sita, pakiti moja kwa kila mtoto. Jioni baba akatoka kwenda kuchukua mikungu mingine sokoni.

"Umalizie hizo zilizo kwenye beseni," alisema. "Mafuta yakipungua, ongeza ya dumu la njano. Na hiyo kamba yako sitaki kuiona karibu na mafuta. Nimesema mara ngapi?"

"Mara nyingi, baba."

"Basi leo iwe ya mwisho."

Chiriku akakaanga karai la kwanza, akaongeza mafuta kidogo, akasahau kurudisha kizibo. Akisubiri yapate moto, akaona kamba imening'inia kwenye msumari. Kidogo tu, akajiambia. Akaruka. Mara kamba ikanasa shingo ya dumu la njano, likalala ubavu, likaanza kutapika. Mpaka alipoliinua, lilikuwa jepesi kama debe tupu.

Akachota majivu jikoni, akayamwaga juu ya doa, akayasawazisha kwa mguu. Karai lilikuwa na mafuta nusu, na ndizi zikigusa chini zitaungua. Akatazama mlangoni. Akatazama ukutani. Akafungua dumu jeusi.

Krispi zilipotoka zilikuwa za kahawia kidogo, na zilikuwa na ile harufu. Akazinyunyizia chumvi. Harufu haikuondoka. Akazinyunyizia pilipili ya unga, tena, na tena.

Baba alirudi akiwa amefura. Getini pa soko walimzungusha kwa sababu ya muhuri ambao mwenye kuugonga alikuwa ameondoka nao mfukoni. Alikuwa bado anamtukana mtu huyo alipotupia kipande mdomoni.

"Loo! Pilipili yote hii?"

"Watoto wa darasani wanapenda, baba."

Akayatazama masinia yaliyojaa, beseni tupu, mwanawe mwenye majivu miguuni. Akacheka, jambo ambalo lilikuwa adimu kama mvua ya kiangazi. "Umekuwa mpishi. Mama yako angekuona!"

Kama Chiriku alikuwa na neno la kusema, sifa hiyo ililizika.

Kesho yake mwalimu wa sayansi akaandika ubaoni kwa chaki ya rangi. Alikuwa mwanamke mchangamfu, asiyependa watoto wakariri wasichokielewa.

"Ndizi mbichi ina nini?"

"Wanga!" darasa likaitika.

"Wanga, naam, wa kutupa nguvu. Ina nyuzinyuzi zinazosaidia tumbo kufanya kazi. Ina madini yanayoitwa potasiamu, ambayo misuli na moyo vinayahitaji. Sasa tukiikata tukaikaanga, tumeongeza nini?"

"Utamu!" akajibu kijana mmoja mrefu aliyeketi na Chiriku. Walimwita Mlingoti. Watu wakaangua kicheko.

"Mafuta na chumvi, Mlingoti. Ndiyo maana krispi ni kitafunio. Unatafuna kidogo, halafu unakula chakula. Si mtu anabugia pakiti nzima, chakula cha mchana kinamtazama."

Pakiti zikagawiwa. Mlingoti akatafuna, akakunja uso. "Pilipili imekuja juu, lakini chini yake mbona kama nalamba mlango?" Kisha akaona pakiti ya Chiriku haijafunguliwa. "Ee! Mwenye duka hali bidhaa yake?"

"Nimeshiba," akasema Chiriku. Neno moja tu, yeye!

Kabla ya kengele ya mchana watoto walianza kushika matumbo. Wa kwanza alitapika mlangoni, wa pili akamfuata. Mlingoti aliinama chini ya dirisha akiwa mnyonge kama nguo iliyoloa. Nesi wa zahanati akaja na pakiti za chumvi za kuchanganya na maji, akawanywesha kidogo kidogo, akasema wamekula kitu kibaya, ila hakuna atakayekufa. Na kweli, Jumapili wote walikuwa wanakimbia. Lakini wazazi walikuwa wameshaona matapishi, na mzazi aliyeona matapishi ya mwanawe anataka mtu wa kumshika.

Jumatatu ukaitishwa mkutano. Wazazi waliketi kwenye madawati, darasa la sita chini sakafuni, Mwalimu Mkuu mbele kwenye meza yenye kitambaa. Nyuma kabisa, karibu na mlango, alisimama mwanamke wa makamo aliyefanya usafi wa shule. Watoto walimwita Bi Ndoo. Ndiye aliyewapangusa Ijumaa ile, mmoja baada ya mwingine, bila kuziba pua.

"Mpika krispi yuko wapi?" akauliza Mwalimu Mkuu.

Baba yake Chiriku akasimama kabla hajamaliza kuulizwa.

"Niko hapa! Na msiniangalie hivyo. Krispi zangu mnazila tangu mke wangu yu hai, nani ametapika? Mnatafuta mnyonge wa kumbebesha. Twendeni kwenye tangi la maji pale nje! Halina mfuniko. Ndege wanaogea humo. Watoto wenu wanakunywa nini? Supu ya manyoya! Hilo hamlioni kwa sababu liko upande wa wakubwa!"

Ukumbi ukavurugika. "Kweli, tangi liko wazi!" akasema mzazi mmoja. "Hata mimi nimeliona!" akasema mwingine. Macho yote yakageuka kutoka kwa mpika krispi yakamwendea Mwalimu Mkuu, na Mwalimu Mkuu akaanza kuhisi joto chini ya tai. Na mtu mwenye cheo akihisi joto, hutafuta haraka wa kumpa koti lake.

"Usafi wa tangi," akasema, akinyoosha kidole mlangoni, "ni kazi ya nani?"

Macho yakageuka mara ya tatu.

"Mwalimu, mfuniko mimi niliuomba..." Bi Ndoo akaanza.

"Nakuuliza ni kazi ya nani!"

"Ni yangu, mwalimu, ila..."

"Basi. Rudisha funguo za stoo. Wazazi, mnaona hatua tumechukua."

Baadhi wakapiga makofi. Baba yake Chiriku hakupiga. Alibaki amesimama, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyerusha jiwe kwa simba likamwangukia mbuzi. Halafu akaketi. Alikuwa ameshinda, na aliyeshinda hupata tabu kuinua mkono aseme ameshinda vibaya.

Bi Ndoo akavua aproni, akaikunja vizuri, akaweka funguo juu yake mezani. Alipokuwa akitoka alimpita Chiriku, akamgusa kichwani.

"Wewe hukuumwa, mwanangu? Afadhali. Mama yako hayupo, nilikuogopea."

Chiriku alifika nyumbani macho yakiwa mekundu. Baba alikuwa anamenya ndizi kwa nguvu kana kwamba zimemkosea.

"Umemwona yule?" akafoka bila kugeuka. "Nimwambie yeye kosa, yeye amfukuze mfagiaji! Ndivyo walivyo! Wote ndivyo walivyo!"

"Baba."

"Mtu hana hata mume, yule mama, wanamtoa kama takataka..."

"Baba, si tangi."

"Nini?"

"Si tangi. Ni mafuta. Dumu la njano lilimwagika nikaongeza ya dumu jeusi." Maneno yakatoka yote kwa mkupuo, kamba, majivu, pilipili, harufu, vyote. Alipomaliza akakaza mabega, akisubiri radi ipige.

Baba alikwenda pale penye majivu, akayafukua kwa kidole cha mguu. Ardhi ya chini ilikuwa nyeusi, inang'aa. Akaenda ukutani, akafungua dumu jeusi, akanusa, akafunga.

"Kwa nini hukuniambia?" akanguruma. "Ile Alhamisi! Nilikuwa nimekaa hapa hapa! Ungefungua mdomo tu, tungezitupa, tungelala! Wewe unayeongea na kuku, ulishindwaje kuongea na mimi?"

"Kuku hafoki, baba."



Baba akageuza beseni tupu, akaliketia. Mikono yake yenye utomvu ikalala magotini. Alipozungumza sauti yake ilikuwa bado na hasira, lakini sasa haikujulikana inamwendea nani.

"Kwa hiyo mimi," akasema, "nimesimama mbele za watu, nikapigia kelele jambo nisilolijua. Na wao wakafukuza mtu wasiyemuuliza. Tofauti yangu na yule mwenye tai ni nini? Mimi sina tai." Akasimama. "Kesho asubuhi utayasema haya."

"Ofisini?"

"Ofisini kitu gani! Yamesemwa hadharani, yatamezwa hadharani. Mimi nitaanza, wewe utafuata."

Asubuhi wakapitia kwanza kwa Bi Ndoo, wakamkuta anafua. Baba yake Chiriku, ambaye hakuwa na desturi ya kuomba radhi, alisimama mlangoni akimung'unya maneno kama mtu anayetafuna mfupa. Mwisho akasema, "Shemeji, tumekukosea. Mimi na mwanangu. Twende shule." Bi Ndoo alimtazama, akamtazama mtoto, akakamua nguo aliyokuwa nayo mkononi, akajifunga kanga.

Mwalimu Mkuu aliposikia habari yenyewe aliangaza huku na huku. "Mzee, haya tuyamalize ofisini. Kwa utaratibu."

"Utaratibu ulikuwa wapi jana?"

"Wanafunzi wako mstarini sasa..."

"Ndiyo hao tunaowataka."

Basi, mbele ya shule nzima, baba yake Chiriku akasema krispi zilikuwa zake, kosa lilikuwa la nyumbani kwake, na tangi alilitaja ili kujikinga kabla hajajua ukweli. Kisha akamsukuma mwanawe mbele kwa upole. Chiriku akasema. Katikati mtu mmoja akazomea, lakini Mlingoti akageuka akamwambia, "Nyamaza wewe! Mimi nilitapika kukuzidi na ninasikiliza."

Mwalimu wa sayansi akajitokeza. Hakumkemea mtoto. Aliwaeleza wanafunzi kwamba mafuta yakichemshwa tena na tena, kisha yakawekwa juani, hubadilika yakachacha, na hakuna chumvi wala pilipili inayoyatengeneza. "Ndizi ilikuwa ile ile njema," akasema. "Mkiona mafuta meusi, yanayotoa povu na kunuka, msile kilichotoka humo, hata kiwe kinapendeza vipi."

Ikaamuliwa kwamba krispi hazitaletwa shuleni mpaka bwana afya aje akague ua wanakokaangia, na Chiriku atamsaidia Bi Ndoo kuosha ndoo kila jioni mpaka muhula uishe. Baba hakubisha. Aliinama kidogo kwa mwanawe, lakini akasema kwa sauti ambayo mistari ya mbele ilisikia.

"Sikia. Kosa ukilificha halifi. Linatafuta mgongo wa mtu mwingine likaupande, na mara zote linachagua mgongo ulioinama. Ukimwaga, sema umemwaga. Mimi nikifoka, niache nifoke, hasira yangu itapita. Lakini mtu kufukuzwa kazi kwa ajili yako, hilo halipiti." Akanyooka. "Na mimi kufoka nitajifunza kupunguza. Nimesema kupunguza."

Wanafunzi wakacheka, na hata Chiriku akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Mwalimu Mkuu naye akakohoa, akaona ni wakati wa kumaliza vizuri. Akachukua funguo za stoo, akamnyooshea Bi Ndoo mbele ya watu wote, akisema kwamba shule inamrudisha kazini, yaliyopita si ndwele, na wote wampigie makofi.

Makofi yakapigwa. Bi Ndoo akazipokea funguo, akazishika kiganjani, lakini hakurudi nyuma kwenye nafasi yake.

"Ahsante, mwalimu," akasema. "Kazi naitaka, sina nyingine. Mtoto huyu nimemsamehe, na baba yake pia, wao wamekuja mpaka mlangoni kwangu. Ila jana nilikatwa kauli mara mbili, leo naomba nimalize moja."

Mwalimu Mkuu akatazama saa yake.

"Kama huyu mtoto angenyamaza," akauliza Bi Ndoo, akiwazungushia macho walimu waliojipanga, na wazazi walioleta watoto wakasimama kwenye uzio kusikiliza, na baba yake Chiriku pamoja nao, "ni nani kati yenu angekuja kuniuliza mimi?"

Kengele ya kipindi cha kwanza ilikuwa imeshapita wakati wake. Hakuna aliyekwenda kuigonga.